Risiva, Wharfedale za mtumba na vispika vya homu thieta iliyokufa: nichanganye au nianze upya?

KijanaWaMabibo

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo kabla hela haijatoka mfukoni.

Nilikuwa na homu thieta ya boksi, zile za DVD zenye spika tano na sabufa. Mwezi uliopita umeme ulirudi kwa kishindo, mashine ikafa, na fundi anasema bodi haitengenezeki. Spika zote ni nzima. Hesabu ya vilivyopo ndani ni hii: vispika vitano vya ile homu thieta, nyuma vimeandikwa omu 3, sabufa yake, ambayo haina waya wa kuchomeka ukutani, inategemea mashine, jozi ya Wharfedale Diamond 9.1 za omu 6, alizoniachia shemeji baada ya kushusha mizigo yake kutoka Uingereza. Na sabufa ya Kariakoo yenye amplifaya ndani, ile tunayosikilizia muziki, ina matundu ya RCA (yale ya nyekundu na nyeupe) kwa nyuma. TV ni Hisense ya inchi 50, ina HDMI iliyoandikwa ARC, ile inayorudisha sauti ya TV kwenye mashine ya spika. Sebule ni mita 4 kwa 3 na nusu.

Njia ninazoziona ni tatu. Kwanza, kutafuta risiva ya AV ya mtumba, yaani mashine yenye amplifaya ya kusukuma spika zote, na kuunganisha vyote nilivyonavyo. Pili, kuuza kila kitu nichukue saundiba yenye sabufa isiyo na waya, halafu mbele ya safari nitafute spika za nyuma za kampuni yoyote nitakayopata. Tatu, kurudi kwenye homu thieta nyingine ya boksi. Bajeti ni laki sita, nikijikamua sana inafika saba.

Jirani yangu anashikilia kuwa spika za kampuni tofauti hazikai kwenye mashine moja, zitaunguzana. Kuna ukweli hapo?

Fundi_Mita

Mkuu, jirani ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayoleta wateja kwenye meza yangu.

Amplifaya haisomi jina lililobandikwa kwenye kava. Kitu pekee inachokiona ni mzigo wa umeme, yaani omu. Ukiipa mzigo ulio ndani ya kiwango chake, hata kila spika itoke bara lake hakuna kitakachoungua. Ukiipa omu chini ya ilivyotengenezewa, inaweza kuungua hata kama vyote vimetoka kiwanda kimoja.

Piga hesabu hii. Umefungua sauti mpaka risiva inatoa volti 20. Kwenye spika ya omu 8 zinapita ampea 2.5, sawa na wati 50. Volti hizo hizo ukizipeleka kwenye kispika chako cha omu 3, zinapita karibu ampea 6.7, sawa na wati 133. Risiva haikukusudia kutoa umeme wote huo, kispika nacho hakikukusudia kuupokea. Sony STR-DH590, kwa mfano, imeandikwa spika za omu 6 hadi 16. Wharfedale zako zinapita mlangoni. Vile vya omu 3 ukivichomeka hivi hivi, ukisikiliza kwa sauti ya chini unaweza usione kitu. Siku ya wageni mashine itajizima yenyewe katikati ya filamu, na ukiendelea kuiwasha kwa lazima siku moja haitawaka.

Homu thieta za boksi zinapewa omu ndogo kwa makusudi. Amplifaya zake hufanya kazi kwa volti chache, kwa hiyo njia ya kupata wati nyingi ni kushusha omu za spika. Zile za Sony za familia ya DAV nyingi ni omu 3, na kampuni nyingine nazo ziko kwenye 3 au 4. Zimetengenezwa zioane zenyewe kwa zenyewe, na ndio maana hata plagi zake ni za rangi rangi na haziingii kwingine.

Kabla ya yote tafuta mita, weka kwenye kipimo cha omu, gusa ncha mbili za kila spika ikiwa haijaunganishwa popote. Itasoma chini kidogo ya kilichoandikwa: ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 6 husoma kati ya 4 na 5, ya omu 3 husoma 2 na kitu. Ikisoma karibu na sifuri, au isiposoma kabisa, hiyo spika ni mgonjwa, usiibebe kwenye mashine mpya.

Bwana_Kisauni

Mimi hapa Mombasa nilichoka na nyaya zamani. Chukua saundiba, bandika chini ya TV, kebo moja ya HDMI, maisha yaendelee. Hayo ya omu waachie wenye maduka. Nina TV ya LG na saundiba ya JBL, kampuni mbili tofauti, na rimoti ya TV ndiyo inayopandisha sauti. Mchanganyiko gani tena mnautafuta?

Mzee_wa_Analogi

@Bwana_Kisauni, hapo umechanganya TV na saundiba, na huko hakuna ugomvi. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 na ni kiwango cha wote. Hata ule utaratibu wa rimoti moja kuamuru vifaa viwili ni kitu kimoja, wanachofanya ni kuubatiza tu: Samsung wanauita Anynet+, LG wanauita SimpLink, Sony wanauita Bravia Sync. Chini yake ni CEC ile ile, kwa hiyo vinaelewana.

Swali la kijana liko kwingine. Njia yake ya pili inasema atanunua saundiba halafu baadaye aongeze spika za nyuma za kampuni yoyote. Hilo halipo. Spika za nyuma zisizo na waya zinazungumza na saundiba kwa lugha ya siri ya kampuni. Spika za nyuma za Samsung zinakubali saundiba za Samsung, tena baadhi tu ya modeli. Sonos ni vivyo hivyo, Sub yao haimtambui mgeni. Na msidanganyike na umiliki: Samsung ilikamilisha kuinunua Harman, wenye JBL, mwaka 2017, lakini ukinunua saundiba ya Samsung usitegemee kuishika na spika za nyuma za JBL kwa sababu mwenye mali ni mmoja.

Kwa hiyo kwenye kuchanganya makampuni, risiva yenye nyaya ndiyo nyumba iliyo wazi. Saundiba ni nyumba yenye geti. Ukiingia umeingia, na kila kitakachoongezwa kitatoka duka lile lile kwa bei wanayoitaka wao.

KijanaWaMabibo

Asanteni wakuu. Kwa hiyo njia ya pili naiweka pembeni, maana spika za nyuma nazihitaji kweli. Ila @Fundi_Mita, umenivunja moyo kuhusu vile vitano. Ndiyo basi, vikawe vya watoto kuchezea?

Fundi_Mita

Taratibu, mkuu, mbona una haraka ya kutupa?

Unavyo vitano vinavyofanana. Chukua viwili, viunge mfululizo: waya mwekundu wa risiva uingie kwenye chanya ya kispika cha kwanza, hasi ya kwanza iende kwenye chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwenye tundu jeusi la risiva. Omu 3 jumlisha 3, unapata 6. Upande wa kushoto nyuma viwili, kulia nyuma viwili, kimoja kinabaki akiba. Risiva ya omu 6 inavipokea bila kinyongo, na kwa kuwa ni pacha, umeme unagawanyika nusu kwa nusu. Viweke vikiwa vimegusana, kimoja juu ya kingine, ili sauti itoke sehemu moja. Ukivitenganisha mita nzima utasikia mwangwi wa ajabu.

Angalizo: mfululizo ni wa spika zinazofanana tu. Usije ukachukua kispika cha omu 3 ukakiunganisha na Wharfedale ili kupata omu 9. Hesabu ya makaratasi itakubali, lakini omu za spika hupanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa, kila moja kwa mtindo wake, na mgawanyo wa umeme utakuwa vurugu.

Zile plagi za rangi zikate. Waya mmoja utakuwa na mstari au maandishi, huo mara nyingi ndio hasi, ila usiuamini kabla hujaupima. Chukua betri ya AA, gusa nyaya mbili kwa sekunde moja na kuachia, huku unatazama karatasi ya spika kwa mwanga wa tochi. Ikisogea kuja kwako, waya ulioshika upande wa chanya wa betri ndio chanya ya spika. Ikirudi ndani, umegeuza. Weka alama ya wino hapo hapo kabla hujasahau. Spika moja ikigeuzwa wakati nyingine haijageuzwa, besi zinakatana na sauti inakuwa kama imetoroka katikati ya chumba.

DadaForodhani

Kaka zangu, mnazungumza umeme mpaka mmesahau kusikiliza. Nitasema kwa upande wa anayekaa kuangalia.

Kwenye filamu na tamthilia, maneno karibu yote yanatoka spika ya kati. Ukiiharibu hiyo, utakuwa na milipuko mizuri nyuma na huelewi mtu kasema nini. Sisi hapa Unguja tulikuwa na spika mbili kubwa za kampuni moja mbele, na katikati kaka yangu akaweka kispika cha homu thieta ya kampuni nyingine. Mwigizaji akiongea akiwa katikati ana sauti ya simu ya mezani. Akitembea kwenda kushoto, sauti inanenepa, anakuwa mtu mwingine. Ukishalisikia mara moja huwezi tena kutolisikia.

Kwa hiyo kijana, kile kispika cha tano kisije kikapandishwa cheo kikawa cha kati.

Mzee_wa_Analogi

Dada umegusa penyewe. Hapa ndipo kuchanganya kunapokuwa na sheria, na sheria si ya umeme tena, ni ya masikio.

Spika tatu za mbele ziwe ndugu. Kampuni moja peke yake haitoshi, maana kampuni moja inaweza kuwa na familia kumi zenye tabia tofauti. Iwe familia moja ya spika, ikiwezekana kizazi kimoja. Diamond 9.1 ina spika ya chini yenye karatasi ya kevlar iliyosukwa na twita ya kitambaa (spika ndogo ya sauti nyembamba) juu yake, na kati ya hizo mbili kuna krosova inayogawa kazi. Kispika cha homu thieta mara nyingi ni koni moja ndogo inayolazimishwa kuimba kila kitu, kuanzia besi ya katikati hadi kengele. Hata uvipige kwa sauti iliyo sawa sawa kwa desibeli, rangi ya sauti haitafanana.

Jaribio ni rahisi na halihitaji kifaa. Kila risiva ina mlio wa majaribio, ule mvumo wa shhhh unaozunguka spika moja hadi nyingine. Funga macho. Ukitoka kushoto, kuja kati, kwenda kulia, mvumo ubaki ule ule ukibadilisha mahali tu. Kama kushoto unasikia mvua kubwa juu ya bati na katikati unasikia kikaango cha mafuta, spika hizo si ndugu.

Mtaambiwa risiva ina maikrofoni ya kupima chumba na itarekebisha yote. Denon na Marantz wana Audyssey, Yamaha wana YPAO, Pioneer wana MCACC, Sony wana DCAC. Ni vitu vizuri, vitumieni. Vinasawazisha ukubwa wa sauti, vinapima umbali, vinapunguza noti zilizozidi. Lakini spika hairushi sauti mbele tu, inatawanya pembeni, juu na chini, na ule mtawanyo ndio unaogonga kuta na kurudi. Hakuna maikrofoni itakayoifanya koni ya sentimita 6 itawanye kama twita yenye kuba.

Bwana_Kisauni

Mzee nakuheshimu, ila watu wangapi wanakaa wamefunga macho wakisikiliza shhhh? Mtaani mtu anaweka kispika chochote katikati, anapandisha kidogo, mechi inaendelea. Mimi hiyo tofauti siisikii, na mke wangu haisikii.

Mzee_wa_Analogi

Kwenye mechi hutaisikia, bwana, nakubali kabisa. Mtangazaji hatembei.

Mpita_Njia

Nimecheka 😂

Naomba kuongeza moja kuhusu wati. Usichague spika za kuchanganya kwa kuangalia wati zilizoandikwa kwenye boksi. Sabufa za mtaani zinaandikwa PMPO (wati za kujisifia) elfu kadhaa. Geuza nyuma, tafuta kibandiko kinachosema inakula wati ngapi kutoka ukutani. Kama inakula wati 60, haiwezi kutoa elfu 5, labda ina bwawa la Rufiji ndani.

Fundi_Mita

@Mpita_Njia, na kuna namba nyingine watu wanairuka, ile ya desibeli. Spika ikipewa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Diamond 9.1 imeandikwa 86. Kuna spika za 90 na zaidi. Kila desibeli 3 za tofauti zinadai umeme mara mbili. Ukiwa na spika za 90 mbele na za 84 nyuma, zile za nyuma zinahitaji umeme mara nne ili zisikike sawa na za mbele.

Hii haizuii kuchanganya. Risiva inakuruhusu kupandisha au kushusha kila spika peke yake, nyingi zinafika desibeli 10 juu au chini, na maikrofoni inafanya kazi hiyo ndani ya dakika chache. Nasema tu ujue kwa nini ukiiangalia orodha unakuta spika moja imepandishwa 5 na nyingine imeshushwa 2. Usizirudishe zote sifuri ukidhani mashine imekosea, nimeshawaona watu wanafanya hivyo.

Nikirudi kwa Kijana: kwa spika za nyuma sina wasiwasi na vile vispika, na nadhani hata Mzee hatabisha. Nyuma zinapita ndege, mvua, kelele za umati. Hakuna mtu anayehama na sauti yake kutoka mbele kwenda nyuma mara kwa mara kiasi cha kukukera.

Mzee_wa_Analogi

Sibishi. Nyuma na sabufa, kampuni yoyote. Mbele ndipo ninapokuwa mkali.

KijanaWaMabibo

Sasa spika ya kati ya Diamond nitaipata wapi mimi? Hapa mjini mtumba unakuja kama ulivyo, hupati kuchagua.

DadaForodhani

Usiweke kabisa. Ingia kwenye mpangilio wa risiva, sehemu ya spika ya kati uiambie haipo. Yale maneno itayagawa sawa kwa kushoto na kulia, na wewe uliyekaa katikati utayasikia yanatoka kwenye TV. Bora hivyo mara kumi kuliko kispika chenye sauti ya simu.

Kasoro yake ni moja, na kwetu ni kubwa: inafanya kazi kwa anayekaa katikati. Nyumba zetu watu wamejaa kuanzia ukutani hadi mlangoni, wengine kwenye mkeka. Aliyekaa karibu na spika ya kushoto atasikia kila mtu anaongea kushoto. Kama mko wawili watatu na kochi liko katikati, hutajutia. Kama nyumba ina watu wengi, tafuta ya kati kwa subira. Wharfedale walitengeneza spika za kati za familia ya Diamond, na kwenye mtumba zinakuja peke yake kwa bei nafuu kwa sababu watu hawajui ni za nini.

Mgeni_Ruwi

Salamu kutoka Muscat. Mmeongea yote, mmesahau ukutani.

Risiva za mtumba zinazoshuka Afrika Mashariki zinatoka sehemu nyingi. Za Uingereza na za huku Ghuba ni za volti 220 hadi 240, chomeka uangalie. Za Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120. Ukiichomeka ya Japani kwenye 230 moja kwa moja, utausikia moshi kwa pua kabla ya kusikia sauti kwa sikio. Soma kibandiko cha nyuma, usisome umbo la plagi, maana plagi inabadilishwa na muuzaji kwa dakika moja. Kama ni ya volti 100 na umeipenda, nunua na transfoma ya kushusha, tena kubwa kuliko inavyohitaji. Risiva inayokula wati 300 ipe transfoma ya 500 au zaidi.

Na kwa sababu umeme wenu ndio ulioua ile ya kwanza, weka kilinda umeme kinachochelewesha dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu ukirudi.

Kingine: hakikisha risiva ina HDMI ya kutoka iliyoandikwa ARC. Za zamani sana zina HDMI ila hazirudishi sauti ya TV. Ikikosa, utatumia kebo ya mwanga (optical), inabeba Dolby Digital ya 5.1 vizuri tu. Ile Atmos (sauti inayotoka hata juu ya kichwa) ya programu za kutazama filamu mtandaoni haipiti humo, lakini kwa spika ulizonazo haikuhusu.

KijanaWaMabibo

Shukrani kaka wa Muscat, hilo la kibandiko nimeliandika kabisa. Imebaki sabufa. Ninazo mbili, ile ya homu thieta na ya Kariakoo. Ipi?

Fundi_Mita

Ya homu thieta iache. Haina amplifaya yake, na tundu la SUB OUT la risiva halitoi nguvu ya kusukuma spika, linatoa mawimbi madogo ya kupeleka kwenye amplifaya nyingine. Ungehitaji kuinunulia amplifaya yenye kichujio cha besi, na kwa hela hiyo ungepata sabufa nyingine.

Ya Kariakoo inafaa. Chomoa vispika vyake vya pembeni. Kebo moja ya RCA kutoka SUB OUT, ikiwezekana weka kigawanyishi iingie matundu yote mawili, nyekundu na nyeupe. Sauti ya sabufa iweke nusu, kitufe cha besi katikati, halafu iache risiva ndiyo iongeze na kupunguza. Kwenye risiva ziandike Wharfedale kuwa ndogo (Small) na krosova iwe hezi (Hz) 80, hapo besi zote za chini ya hapo zitakwenda kwenye sabufa na Wharfedale zitapumua. Vispika vya nyuma vipe 120 au 150, vidogo vile havina cha kufanya na 80.

Sabufa hizi hazishuki chini sana. Zimetengenezwa zigonge pale hezi 60 hadi 100, ile dumdum ya muziki. Ngurumo za ndani kabisa za filamu utazikosa. Lakini kuhusu kuchanganya kampuni, hakuna spika isiyojali ukoo kama sabufa. Siku ukipata nzuri zaidi unabadilisha hiyo peke yake na wengine hawana habari.

Mpita_Njia

Tahadhari kwa sabufa hizi za rimoti. Yangu umeme ukikatika ikirudi inasahau kila kitu, inaingia kwenye Bluetooth na kupiga kelele kwa Kizungu kwamba imeingia kwenye Bluetooth. Filamu inaanza, besi hakuna, mpaka uitafute rimoti uirudishe kwenye AUX, na sauti imekuwa nyingine. Kama ya kwako ina vitufe vya kuzungusha kwa mkono, una bahati.

KijanaWaMabibo

Ina vya kuzungusha 🙏

Bwana_Kisauni

Ya kuweka wapi? Maana nyinyi mna majibu ya kila kitu.

Mzee_wa_Analogi

Iweke kwenye kochi.

Sikutanii. Ibebe uiweke pale unapokaa, piga muziki wenye besi inayotembea, halafu wewe ndiye uzunguke chumba ukiwa umeinama, sikio liwe kwenye urefu wa sabufa. Utapita sehemu besi inajaa mpaka inakera, kwingine inapotea kabisa, na kuna mahali noti zote zinasikika sawa. Hapo ndipo pa kuiweka. Halafu kama ina swichi ya 0 na 180, ile ya kugeuza mwelekeo wa mawimbi, mwambie mtu aigeuze ukiwa umekaa, chagua upande wenye besi iliyojaa zaidi.

Za mbele ziwe kwenye nyuzi 30 kushoto na kulia ukipima kutoka unapokaa. Za nyuma, kiwango cha ITU (umoja wa kimataifa wa mawasiliano) kinataka kati ya 100 na 120, maana yake pembeni yako na nyuma kidogo. Watu huzipeleka kwenye kona za nyuma kabisa kwa sababu ya jina. Kwenye sebule ya mita 3 na nusu na kochi limegusa ukuta, zitundike ukuta wa pembeni, juu ya usawa wa masikio, zisimpulizie mtu sikioni.

KijanaWaMabibo

Wakuu, naona njia imefunguka. Natafuta risiva ya volti 230 yenye ARC, Wharfedale mbele, kati patupu mpaka nipate ya Diamond, vispika vinne nyuma viwili viwili, sabufa ya Kariakoo. Homu thieta mpya ya boksi sioni sababu yake tena. Sabufa ile nyingine na kispika cha tano anayevitaka aseme.

Swali la mwisho, waya. Ule mwembamba uliokuja na homu thieta unatosha?

DadaForodhani

Kijana, ukipata hiyo ya kati njoo utuambie umeipata kwa bei gani. Na mimi natafuta.

Fundi_Mita

Kwa vya nyuma usiutumie, kwanza hautafika. Risiva mpaka kochi kwa kufuata ukuta ni kama mita 10, kwenda na kurudi 20. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 kwa umbali huo unakula omu 0.7, umeme unapotea njiani kabla ya kufika. Wa 1.5 unakula chini ya robo ya omu, kwa mzigo wa omu 6 ni sawa. Huna haja ya waya wenye jina. Ule wa 1.5 wa kufungia taa za nyumba upo kila duka la umeme, chukua rangi mbili, nyekundu na nyeusi, usipate shida ya kutafuta mstari.

Ukikuta dukani waya wa spika wa bei rahisi, ule wa plastiki inayoonyesha ndani, mwombe muuzaji akukatie ncha ukwangue kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani ya ule wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Hapo chukua nene zaidi, 2.5, au muachie mwenyewe.